Bunduki Niliyompimia Salima

Acheni kwanza kunitumia picha za bunduki. Simu yangu imejaa mpaka inakataa kupokea salamu za Idd, na macho yangu haya, kwenye kioo cha ukubwa wa kiganja, hayatofautishi bunduki na mwiko. Tangu mlipoanzisha uwanja wenu mpya njia ya Rhotia, haipiti wiki bila kijana mmoja kuniuliza anunue bunduki gani ya upepo kwa ajili ya mashindano ya sanamu. Nashukuru kwa kunikumbuka. Mstaafu akiulizwa jambo la kazi yake hujiona bado yumo. Lakini jibu langu haliingii kwenye meseji, ndiyo maana nimekaa kitako nikaandika.

Kwa msionifahamu, mimi ndiye Baba Salima. Nililetwa Karatu kutoka Singida nikiwa mgongoni mwa mama, wazazi wangu wakiwa vibarua wa kuchuma kahawa, na nikafanya kazi miaka thelathini na moja kwenye uwanja wa shabaha wa klabu iliyokuwa ndani ya shamba lile lile. Nilianza kwa kupaka rangi sanamu, nikaishia kuwa mtunza ghala la bunduki na mpimaji. Mpimaji maana yake ni kwamba ukija wewe na mabega yako na shingo yako, mimi ndiye ninayekuambia bunduki ipi ni yako na ipi ni ya mwenzio.

Uwanja wenyewe haupo tena. Wameweka mahema ya watalii, na pale ilipokuwa reli ya kondoo nasikia sasa kuna bwawa la kuogelea. Sijaenda kupaona. Wanasema panapendeza, na mimi siwabishii. Ila asubuhi za baridi, ukungu ukishuka kutoka ukingo wa kreta na kulala juu ya mikahawa, najikuta nimesimama mlangoni nasubiri mlio wa chuma kikianguka juu ya mawe. Nimeukumbuka mlio ule mpaka kifua kinauma.

Kwa asiyeujua mchezo, tunasimamisha wanyama wadogo wa chuma juu ya reli. Kuku watano wako hatua ishirini, nguruwe watano hatua thelathini, bata mzinga watano mbele kidogo, na mwisho kabisa kondoo watano, hatua arobaini na tano. Unasimama wima kwa miguu yako, huegemei kitu, hupigi goti. Unaanzia kushoto kwenda kulia, na ukimruka mmoja umejiponza. Na mnyama lazima aanguke. Ukimgusa akatikisika, akageuka, halafu akabaki amesimama anakuangalia, hujapata kitu. Nimewahi kumsikia mtu mzima mwenye cheo chake akimtukana kondoo wa chuma tusi ambalo siwezi kuliandika hapa.

Haya, bunduki. Kosa la vijana wote ni nguvu. Kulikuwa na dereva mmoja wa watalii, jina lake nalistahi kwa sababu sasa ana wajukuu, akaja na bunduki mpya na vibali vyake vyote mfukoni, akatutangazia kwamba hiyo inapasua hewa. Kweli ilipasua. Kila akifyatua, nyani wa msituni walijibu. Kuku walianguka wote, akaanza kuimba. Alipofika kwa kondoo, wimbo ukaisha. Kidonge chepesi cha risasi kikisukumwa mbio kupita kiasi huyumba njiani, na kuyumba huko kwa hatua ishirini hukuoni, kwa hatua arobaini na tano ndiko kunakokuvua nguo. Nikampa bunduki kuukuu ya klabu, ya taratibu, nikaweka vidonge vizito vya kichwa cha mviringo, kondoo watatu wakaenda chini. Hakunisemesha siku mbili.

Mlinzi wetu, Lemayian, mtu wa jamii ya wafugaji wa Nainokanoka, alicheka kuliko wote siku ile. Akatueleza kwamba kwao vijana wakishatoka jandoni, wakiwa bado kwenye nguo nyeusi, huwinda ndege wadogo wa kuvaa kichwani, na mshale wa kazi hiyo unawekwa ncha butu ili manyoya yasiharibike. Mshale ule hauchomi, unaangusha.

"Nyinyi mnataka kutoboa chuma," akatuambia. "Chuma hakitobolewi, kinasukumwa."

Sijasikia maelezo bora zaidi ya mchezo huu, na yule bwana hakuwahi kushika bunduki yetu hata siku moja. Kwa hiyo msiulize bunduki inapiga kwa kasi gani. Ulizeni inaweka vidonge vitano mahali pamoja au inavitawanya. Nunua makopo matano ya vidonge vya aina tofauti, jaribu vyote, maana kila mtutu una mlo wake. Nilikuwa na bunduki mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja, moja ikipenda vidonge hivi, ya pili ikivikataa kama mtoto anavyokataa uji usio na sukari.

Uzito nao. Utasimama na hiyo bunduki kwa mapigo ishirini. Dukani kila bunduki ni nyepesi. Ishike kama unavyolenga, rafiki yako ahesabu polepole mpaka sitini, wewe angalia mdomo wa mtutu. Ukianza kuchora duara kabla ya sitini, rudisha, hata kama muuzaji ni shemeji yako. Lakini nyepesi mno pia ni balaa, inacheza na mapigo ya moyo. Na msidanganywe na darubini kubwa. Darubini kubwa inakuonesha jinsi unavyotetemeka, ukishajiona unatetemeka ndipo unatetemeka kweli.

Zile za springi zina tabia yake. Zinaruka nyuma, kisha mbele, kwa pigo moja, na darubini ya bei poa haimalizi mwezi. Usiibane. Iache ilale juu ya kiganja, iruke inavyotaka kuruka, mradi kila siku iruke vile vile. Za mtungi wa hewa zimetulia zaidi, ila uwe na pampu, na uwe na mgongo wa kupampu.

Na mafuta. Hapa niruhusuni nijicheke. Mwaka wangu wa kwanza ghalani mafuta ya bunduki yaliisha, na mimi nilikuwa nimeletewa dumu la alizeti kutoka nyumbani Singida, safi, yanang'aa. Nikajiambia mafuta ni mafuta. Sasa bunduki ya springi inabana hewa ghafla, hewa inapata moto, na mafuta yaliyo njiani yanaungua. Mgeni wa kwanza alipofyatua ulitoka mlio kama wa radi, moshi ukafuata mtutuni, na uwanja mzima ukanukia maandazi. Springi ilikatika vipande viwili. Mpimaji wa wakati huo, ambaye ndiye aliyekuwa ananifundisha kazi, akaja taratibu, akaunusa mtutu, akaniuliza kama kuna na chai au ni vitafunio peke yake.

Huyo ndiye Mzee Hhando. Alikuwa Mwiraqw wa Mbulu, seremala tangu ujana wake, mrefu, maneno machache, koti moja la sufu masika na kiangazi. Ndugu zangu wengine sijawahi kuwakumbuka kama ninavyomkumbuka mzee yule, Mungu anisamehe. Alinifundisha kwamba bunduki hainunuliwi kwa macho, inanunuliwa kwa bega. Alikuwa anamwambia mtu afumbe macho, ainyanyue bunduki mpaka begani, atulie, halafu afumbue. Kama jicho limekuta darubini pale pale bila kutafuta, hiyo ni yake. Kama shingo inajinyonga kulitafuta tundu, mtu huyo hata akirithi uwanja mzima hatapata kondoo. Alikuwa anapima kitako kwa kiwiko: kitako kikikaa ndani ya mkunjo wa mkono, kidole kifike kwenye kifyatulio bila kujivuta. Ikizidi, alichukua msumeno bila kuomba ruhusa ya mwenye bunduki.

Na alikuwa na karatasi yenye tundu. Hii iandikeni. Kila mtu ana jicho moja linaloshika usukani na moja la kusaidia, na siyo lazima liwe upande wa mkono anaoutumia. Unampa mtu karatasi yenye tundu katikati, aishike kwa mikono miwili iliyonyooka, macho yote wazi, atazame kitasa cha mlango kupitia lile tundu. Kisha aivute karatasi polepole mpaka usoni bila kukiacha kitasa. Tundu litaenda lenyewe kwenye jicho lenye amri. Ukishalijua jicho ndipo unachagua bega, ukishachagua bega ndipo unachagua bunduki. Wengi wanaanzia mwisho.

Mimi niliwapima hivyo mamia ya watu. Wageni, madereva, wakulima wa vitunguu wa Mang'ola waliokuja na wake zao kutembea, padri mmoja ambaye jicho lake la amri lilikuwa la kushoto na akalipokea kama habari ya msiba. Mtu mmoja tu sikumpima, naye alikuwa binti yangu.

Salima alizaliwa pale kambini, kwenye nyumba za wafanyakazi. Ana jina la mama yangu, kwa hiyo namwita mama. Alipomaliza kidato cha sita alikuwa ameshakaa uwanjani kuliko baadhi ya wanachama wanaolipa ada, maana alikua akiokota vidonge vilivyopondeka chini ya reli. Meneja akamruhusu apige. Ndani ya mwaka mmoja kuku na nguruwe walikuwa wake, na watu wakaanza kusimama nyuma ya kamba kumwangalia.

Kumbe ilikuwa inaundwa timu ya watu wanne kwenda kushindana Nairobi. Watatu walishajulikana. Nafasi ya nne ingeamuliwa siku ya mashindano ya klabu, kati ya Salima na binti wa mwanachama mmoja wa Arusha. Nyinyi mnaosafiri kila siku hamwezi kujua ilikuwa na maana gani kwetu. Hakuna mtoto wa kambini aliyewahi kwenda mahali popote na klabu ile, isipokuwa kubeba mizigo. Salima hakulala vizuri mwezi mzima. Aliniambia mara moja tu, tukiwa tunafunga ghala, "Baba, mimi hii nafasi naitaka." Hakuwa mtoto wa kuomba vitu.

Nikamchagulia bunduki. Ilikuwa bora kuliko zote ghalani, ya mtungi wa hewa, kitako chake kimechongwa shavu la kulia kwa ustadi mpaka unatamani kukilalia. Nikapunguza kitako vidole viwili. Nikajaribu makopo sita ya vidonge. Nikawa napita kambini, sokoni, hata msikitini, nikimwambia kila aliyenisikiliza kwamba binti yangu nimempimia bunduki mwenyewe kwa mikono yangu. Nilikuwa na majivuno, sikatai. Mtu aliyezaliwa na vibarua akipata kitu kimoja cha kujivunia hukitembeza.

Na kondoo wakawa hawaanguki. Kuku sawa, nguruwe sawa, bata mzinga kidogo kidogo, akifika kwa kondoo jicho limeshachoka, linatoa machozi, shavu linacheza. Alikuwa anafumba jicho la kushoto kwa nguvu kila pigo mpaka uso unakunjamana. Nikasema ni pumzi. Nikasema ni chai ya rangi asubuhi. Nikasema anavuta kifyatulio kama anavuta ng'ombe. Kila kosa nililitafuta ndani yake, ndani ya kipimo changu sikutafuta hata moja.

Kama wiki mbili kabla ya mashindano nilikwenda Singida kumzika mama. Niliporudi, Mzee Hhando, ambaye wakati huo alishastaafu lakini hakukosa kuja uwanjani kuota jua, aliniita pembeni.

"Umempima jicho?" akaniuliza.

"Nani, Salima? Huyu ni damu yangu, mzee. Namjua alivyo tangu siku ya kwanza."

Akafunga kifungo cha koti lake, akaondoka. Mzee yule hakuwa mtu wa kurudia neno mara mbili.

Siku yenyewe ilikuwa tulivu, upepo wa kutoka upande wa Eyasi haujaanza. Salima alipata kuku wanne, nguruwe wanne, bata mzinga watatu. Yule binti wa Arusha alishamaliza, na hesabu ilikuwa rahisi, kila mtu aliijua: kondoo wawili tu, nafasi ni yake. Wa kwanza, chini ya tumbo, hewa. Wa pili akaanguka. Watu wa kambini wakapiga makofi, wakanyamazishwa. Wa tatu, hewa. Wa nne kidonge kilimgusa mguuni, akageuka nusu, akayumba, akasimama. Wa tano sikutazama, nilisikia tu kwamba hakuna mlio.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo ningelipa chochote kulirudisha. Meneja alisogea akasema pole, labda bunduki ina hitilafu. Nami mbele ya watu wote, binti yangu akiwa bado ameishika, nikasema kwa sauti: "Bunduki haina kosa. Nimempimia mwenyewe."

Salima aliifuta bunduki kwa kitambaa, akaiweka kabatini, akafunga, akaniletea ufunguo na kunikabidhi kwa mikono miwili. Hakupiga tena. Mwaka uliofuata alikwenda kusomea uuguzi, akapangiwa kazi Songea, na huko ndiko alikojenga maisha yake. Anapiga simu kila Jumapili. Anakuja kila baada ya miaka miwili mitatu, anakaa siku nne, anaondoka. Mama yake alipotangulia mbele ya haki alikaa siku saba, zikawa nyingi. Nilikuwa najiambia Songea ni mbali, nauli ni nyingi, kazi ya hospitali haina likizo. Yote hayo ni kweli, na mimi nilijua kwamba hayatoshi.

Sasa nawaambia kilichotokea juzi juzi, baada ya mimi kustaafu. Mjukuu wa jirani alinifungulia kwenye simu kipande cha video alichotuma Salima, wenzake wa wodini wakimfanyia sherehe ndogo ya kupandishwa cheo. Wanaimba, wanamsukuma mbele ya keki. Salima anachukua kisu kwa mkono wa kushoto. Anakata vipande vilivyonyooka, sawasawa, bila kuangalia, huku anaongea na mtu pembeni. Mtu akikata vile, huo ndio mkono wake. Niliomba nirudishiwe video ile mara nne.

Ndipo nikakumbuka jambo nililokuwa nimelizika kabisa. Salima akiwa na miaka minne alikuwa anakula kwa kushoto. Kwetu mkono wa kushoto una kazi zake, mnazijua, hauingii kwenye sahani ya watu wala haupokei kitu cha mkubwa. Mama yangu, aliyekuwa amesharudi kuishi Singida na siku hizo amekuja kututembelea, akasema samaki mkunje angali mbichi. Akachana kipande cha kanga, akaufunga ule mkono kiunoni kwa Salima kila wakati wa kula. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale kwenye mkeka. Nikasema ni sawa. Kuna siku mama alikuwa kisimani, nikaufunga mwenyewe. Baada ya miezi michache mtoto akawa anakula kwa kulia, anapokea kwa kulia, tukasifiwa kwa malezi, na mimi nikasahau kwamba mtoto yule aliwahi kuwa mwingine. Mganga hajigangi. Ulipofika wakati wa kumchagulia bunduki, nilimpima yule niliyemtengeneza.

Jumapili simu ilipolia sikungoja habari za mvua.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Hivi wewe unatumia mkono gani?"

Nilisikia kuku wa kwake wakilia uani. Kisha akasema, "Kazini wa kushoto, baba. Nikija nyumbani wa kulia."

Nikamuuliza na bunduki je. Hapo ndipo aliponieleza, bila hasira, kama anavyomweleza mgonjwa dawa. Nilipokuwa Singida msibani, alimwomba Mzee Hhando akae naye uwanjani. Akaiweka bunduki bega la kushoto, kitako kile cha kulia kikimkwaruza shavu, macho yote mawili wazi. Kondoo wote watano wakaanguka. Akawasimamisha tena, wakaanguka tena. Mzee Hhando akamwambia amweleze baba yake.

"Mbona hukunieleza, mama?"

"Ulikuwa umeshawaambia watu wote umenipimia mwenyewe. Ungeonekana vipi?"

Vijana, nimepigwa na mengi katika maisha haya, lakini sijapata kupigwa hivyo. Mtoto wa miaka kumi na tisa aliiacha nafasi yake ya pekee ili mimi nisionekane mjinga, na mimi nikamlipa kwa kumtupia kosa mbele ya watu. Na Mzee Hhando alijua, akaingia kaburini nalo, maana siri haikuwa yake.

Nilianza kubabaika. Nikamwambia nina ubao wa loliondo, ule mti mgumu, umekauka miaka kumi chini ya kitanda, nitamchongea kitako cha kushoto, cha shavu lake hasa, aje tu, nitazungumza na nyinyi wa Rhotia mumpe nafasi apige. Bado nilikuwa nadhani kila kitu kinatengenezwa kwa msumeno na msasa.

"Baba, bunduki sina hamu nayo tena," akasema. "Nina hamu ya kuja nyumbani nikale bila kukumbuka mkono. Ile kanga naikumbuka. Ilikuwa na maua mekundu."

Nilikuwa nikidhani alikuwa mdogo mno kukumbuka. Nikamwambia aje, ale kwa mkono anaoutaka, na atakayemtazama vibaya nitamtoa nje mimi. Akacheka kidogo, akasema ataangalia likizo. Hiyo ilikuwa kabla ya mvua za vuli. Hajaja bado. Simsukumi, nilimsukuma vya kutosha.

Kwa hiyo hilo ndilo jibu langu kuhusu bunduki. Karatasi yenye tundu kwanza, kabla ya duka. Na wewe unayemchagulia mwingine, mwanao, mke wako, mdogo wako, usidhani kumpenda mtu ni sawa na kumpima. Mpime kama mgeni aliyeshuka leo kwenye gari. Muulize, halafu unyamaze mpaka ajibu.

Juzi nilikuwa peke yangu mezani, ugali na mlenda, chakula ninachokipenda tangu utotoni. Nikachukua shuka langu kuukuu, nikaufunga mkono wa kulia kiunoni, nikala kwa kushoto. Tonge halikukubali kufinyangika. Mlenda uliteremka mpaka kwenye kiwiko, kisha kwenye shati. Nilitaka kujua alichokuwa anakisikia mtoto wa miaka minne, watu wazima wamemzunguka wanasema ni sawa. Nilifika tonge la nne. Nikashindwa kuendelea.